Niligusa Ukingo wa Kofia

Kila siku saa tisa alasiri, kabla ya mazoezi mengine yoyote, Mzee Cleophus Grady, kocha msaidizi wa timu yetu, alitandika taulo lake kuukuu kwenye nyasi, hatua tatu mbele ya mpigaji. Kazi yetu ilikuwa moja. Mpira ukitupwa, tusiuchape, bali tuupokee kwa gongo taratibu hadi udondoke na kutulia juu ya lile taulo. Mara ishirini kila mtu. Aliyekosa alianza upya, na Mzee Cleo hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Tuliuita mtindo huo kudondosha. Chuo chetu cha Prewitt, kusini mwa Alabama, kilikuwa kidogo, na timu yake ya besiboli haikuwa na majitu ya kupiga mpira ukavuka ua. Tulishinda kwa haba na haba. Mmoja akifika kituo cha kwanza, anayefuata hudondosha mpira makusudi karibu na miguu yake. Yeye mwenyewe hutolewa, maana wapinzani humuwahi, lakini mwenzake hupata nafasi ya kusogea kituo cha pili. Hivyo hivyo, kituo kwa kituo, mpaka mtu afike nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, na hiyo ni pointi. Watazamaji hawamshangilii mdondoshaji. Hilo ndilo lililoniuma mimi, Rashaun Pettway, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye mabega mapana na majivuno mapana zaidi.

Amri ya kudondosha ilitoka kwa Mzee Cleo. Alisimama kando ya kituo cha tatu, mahali aliposimama kwa miaka thelathini na minane, akijigusagusa: sikio, kifua, pua, kiwiko. Mengi ya hayo yalikuwa ya kuwapoteza wapinzani. Lakini akigusa bizimu ya mkanda, basi kinachofuata ndicho cha kweli. Nasi tulimwitikia kwa kugusa ukingo wa kofia, maana yake nimekuona, nimeelewa. Mwaka ule mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Tulimtania kwamba anakoroga uji, naye alicheka pamoja nasi.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne tulikuwa sare katika awamu ya mwisho. Jerrell Moton, rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja, alikuwa kituo cha kwanza. Zamu ya kupiga ikawa yangu. Mzee Cleo akagusa mkanda, kisha kifua. Dondosha. Nikagusa ukingo wa kofia.

Kisha nikatupa jicho nyuma ya wavu, nikamwona mtu mwenye kofia nyeupe na daftari. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mtafuta vipaji wa timu za kulipwa angekuja wikendi ile. Nikajiuliza, ni nani atakayenikumbuka kwa mpira ulioishia mbele ya vidole vya miguu yangu? Mpira ulipokuja niliuchapa kwa nguvu zangu zote. Ulivuka ua, ukaangukia kwenye magari yaliyoegeshwa. Jerrell nami tukazunguka vituo vyote hadi nyumbani, tukashinda, na wenzangu wakanibeba juu juu.

Kocha mkuu, Tolliver, hakunibeba. Alikuwa mtu wa sheria, na mchezaji aliyeasi ishara hakucheza tena msimu huo. Aliniita pembeni akaniuliza kama niliiona ishara.

"Sikuiona, Kocha," nilisema. "Mikono ya Mzee inatetemeka sana siku hizi. Sikujua kama amegusa mkanda au la."

Uongo ule ulinitoka bila hata kukwama. Mzee Cleo alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akikunja taulo lake. Alinitazama. Nilingoja anikanushe, lakini alilitia taulo kwapani, akaondoka.

Jumatatu, kando ya kituo cha tatu alisimama Kocha Whitlow, msaidizi kijana mwenye mikono imara. Mzee Cleo alipewa kazi ya kuokota mipira. Aliokota siku mbili. Siku ya tatu hakuja, na taulo halikutandikwa.

Usiku ule Jerrell alizima redio, akakaa kwenye kitanda chake akinikabili.

"Shaun, uligusa kofia. Nilikuwa nakuangalia mimi."

"Tulishinda au hatukushinda?"

"Tulishinda, na mzee wa watu akaokoteshwa mipira kama mtoto."

"Basi nenda kaseme wewe."

"Mdomo uliosema uongo ni wako, bwana. Utumie huohuo."

Nikamgeuzia mgongo. Wiki hiyohiyo nikajua kwamba yule mwenye kofia nyeupe alikuwa baba wa mtupaji wa wapinzani. Mtafuta vipaji hakuwa amekuja kabisa. Ningecheka, kama ningekuwa na wa kucheka naye.

Ijumaa ilikuwa mechi ya mtoano, ukishindwa msimu wako umekwisha. Tulifika awamu ya mwisho tukiwa nyuma kwa pointi moja, mwenzetu mmoja akiwa kituo cha kwanza, na zamu ikawa yangu tena. Kocha Whitlow akaanza ishara zake. Macho yangu yakampita, yakapanda hadi kwenye viti vya watazamaji. Mzee Cleo alikuwa amekaa peke yake, amevaa shati lake la kanisani, na mfuko wa karanga za kuchemsha mapajani. Mikono yake ilikuwa inatoa ishara. Sikio, pua, mkanda, kifua. Sidhani hata alijua kwamba anafanya hivyo. Ilitetemeka, ndiyo, lakini ule mkanda niliuona waziwazi, na alikuwa mbali mara tatu kuliko siku ile. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Ishara ya Kocha Whitlow nayo ilikuwa hiyohiyo. Nilidondosha vizuri. Nilitolewa, mwenzangu akasogea, lakini waliofuata walishindwa kumleta nyumbani. Tukafungwa.

Nilimkuta Kocha Tolliver ofisini kwake akivua viatu, nikamwambia yote. Hakupaza sauti.

"Msimu umekwisha saa kumi," alisema. "Wewe umekuja saa kumi na moja. Mzee alikuwa anastaafu mwaka huu, Rashaun. Aliomba kitu kimoja tu, asimame pale mpaka mechi ya mwisho. Nami nikamwondoa kwa neno lako."

Jioni ileile alinisimamisha mbele ya timu nzima niseme tena, na akatangaza kwamba mwaka unaofuata ningeuanza benchini. Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda wote wawili nyumbani kwa Mzee Cleo. Alitukaribisha barazani. Kocha aliomba radhi kwanza, kisha mimi. Nikamuuliza kwa nini hakunikanusha siku ile.

"Nilikuona ukigusa kofia," alisema. "Nikasema, huyu mtoto atakuja mwenyewe. Nikangoja Jumapili. Nikangoja Jumatatu. Ijumaa nikavaa shati, nikaja kungojea uwanjani."

Kocha alimsihi arudi mwakani, hata kwa mechi moja. Mzee alikataa. Akaiweka mikono yake juu ya magoti ili tuione inavyotetemeka.

"Hii inatetemeka kweli, Kocha, na mwakani itazidi. Nilikuwa na msimu mmoja uliobaki, nao umekwisha." Kisha akanigeukia. "Sikiliza, mwanangu. Mwaka mzima nilikufundisha kudondosha, ukadhani nakufundisha mpira. Kudondosha ni kukubali utolewe wewe ili mwenzako asogee. Wewe ulinitoa mimi ili usogee wewe. Ndivyo uongo ulivyo, lazima kuna mtu anatolewa. Ukweli useme mapema, wakati bado unamfaa yule aliyetolewa."

Mkewe akaleta chai ya barafu, tukanywa palepale barazani.

Mwaka uliofuata nilikaa benchini mechi tano. Katika ya sita, Kocha Whitlow aligusa mkanda, kisha kifua. Niligusa ukingo wa kofia, nikadondosha, na mpira ukatulia pale ambapo taulo lingekuwa. Nilitolewa, na hakuna aliyeshangilia. Nikirudi benchini nilitazama kwenye viti. Mzee Cleo alikuwa pale na karanga zake. Hakutabasamu. Aliinua mkono wake unaotetemeka, akagusa ukingo wa kofia yake.