Mai Mahiu ya Parklands

"Babe, hatusongi kabisa. Mvua imeleta matope, barabara imefungwa hapa Mai Mahiu."

"Ken, mama yangu ametoka Siaya kuja kukuona wewe! Kuku iko mezani."

"Sasa mimi ndio nimeleta mvua? Mwambie pole. Ama ngoja, nitaingia kwa mtandao wa redio saa kumi, asikie sauti yangu mwenyewe."

Simu ikakatika. Everlyn akabaki jikoni kwake, Adams Arcade jijini Nairobi, mwiko mkononi. Jumamosi ijayo watu wa Ken walikuwa wapeleke mahari, na mama yake, Philister, alikuwa amesema wazi kwamba hapokei ng'ombe za mtu asiyemjua sura.

Na hiyo redio ya Ken, tuseme ukweli, ilinunuliwa na nani? Everlyn. Nani alimfundisha hadi akapata leseni ya redio ya ridhaa? Everlyn huyo huyo. Kila Jumapili, kama leo, wanachama wa klabu yao ya redio huingia hewani mmoja mmoja, hutaja alama zao za utambulisho na mahali walipo, na mnara ulio juu ya kilima huichukua sauti ya kiredio cha mkononi na kuirusha mbali.

Saa kumi, kwenye redio ya Everlyn, Mzee Zachariah, mwenyekiti wa klabu, akaanza kuwaita. Ken akaitika.

"Niko Mai Mahiu, Mzee. Matope mpaka magotini. Mama, kama unanisikia, pole sana."

"Maskini, mtoto wa watu," Mama Philister akasema, akisikiliza kando ya Everlyn.

Everlyn akabonyeza kitufe cha kugeuza masafa, kwa mazoea tu. Mnara husikiliza kwenye masafa mamoja na kurusha kwenye mengine; kitufe hicho hukuwezesha kumsikia mtu mwenyewe, bila kubebwa na mnara. Na mawimbi haya hayajui kupinda. Mtu aliye Mai Mahiu, huko chini Bonde la Ufa, ukingo mzima ukiwa katikati, huwezi kumsikia hivyo ukiwa Nairobi.

Ken alisikika kama yuko sebuleni.

"Mama, vaa viatu."

"Kuna nini, nyara, binti yangu?"

"Ken hayuko Mai Mahiu. Yuko hapa hapa Nairobi."

Akamtumia Mzee Zachariah ujumbe kwa simu: "Mshikilie Ken hewani. Usiulize kwa nini."

Jibu likaja: "Sawa binti. Nina maswali mengi kuhusu matope."

Nyuma ya mlango kulikuwa na antena aliyoitengeneza kwa vipande vya futi ya fundi, ile ya chuma ya kupimia. Klabu huzitumia kwa mchezo wao wa kutafuta redio iliyofichwa. Leo haukuwa mchezo. Garini Everlyn akaiunganisha na redio yake, akashika usukani, na Mama akaitoa antena dirishani.

"Izungushe pole pole, Mama. Wapi anasikika sana?"

"Hapa. Hapa anapiga kelele."

"Basi huko ndiko tunaenda."

Redioni Mzee Zachariah hakuwa na haraka. "Na watu waliokwama wanakula nini, Ken?"

"Mahindi choma tu, Mzee. Tunavumilia."

"Mahindi!" Mama akafoka. "Na kuku yangu inapoa!"

Parklands, nje ya nyumba moja ya gorofa, Everlyn aling'oa antena kabisa, na bado sauti ikaingia wazi, maana alikuwa karibu sana. Akainua macho. Kwenye roshani ya kwanza alisimama Ken, shati jeupe limepigwa pasi, redio mkono huu, sambusa mkono ule. Matope yako wapi? Hata viatu viling'aa!

Msichana akachungulia nyuma yake.

"Ken, hiyo simu ya kazi haiishi? Daddy anataka kuombea pete yetu ya uchumba."

Everlyn akabonyeza redio.

"Ken. Angalia chini."

Sambusa ikaanguka.

"Eve? Eve, si vile unafikiria..."

"Jumamosi unaleta ng'ombe kwetu, leo unavalisha mwingine pete! Na mama yangu unampa pole ya uongo!"

"Ng'ombe gani, Ken?" msichana akauliza. "Si ulisema huyo ni mwalimu wako wa redio?"

"Virginia, wacha nikuexplainie..."

"Ni kweli nilimfundisha," Everlyn akasema. "Na ni mimi mchumba wake."

Virginia aliingia ndani, akaufunga mlango wa roshani kwa ufunguo, Ken akabaki nje akigonga kioo.

"Eve, please! Zima hiyo redio. Watu wote wanasikia!"

Hapo ndipo Everlyn alipochoka naye kabisa. Kudanganya hakukumwaibisha, kusikika ndiko kulikomwaibisha. Akataja alama yake, kama kanuni inavyotaka.

"Mtandao, hapa ni Everlyn. Kituo cha Mai Mahiu kimepatikana Parklands, kikila sambusa. Jumamosi hakuna mahari. Mimi nimemaliza na yeye."

"Nimepokea, binti yangu," Mzee Zachariah akasema.

"Kiema, Upper Hill. Nimepokea."

"Nanjala, Kikuyu. Nimepokea, dada."

"Dalmas, Kawangware. Nimepokea."

Wanachama waliendelea hivyo, mmoja mmoja, na machozi ambayo Everlyn alikuwa ameyazuia njia nzima yakamtoka. Mama akamfuta kwa leso yake, kisha akaichukua redio.

"Mtu anabonyeza wapi?"

"Hapo kando, Mama."

"Watu wa redio, hamjambo. Mimi ni mamake Everlyn. Kuku iko Adams Arcade, na ng'ombe sitaki tena. Mwenye njaa aje."