Mashine ya Saba Ilijibu Yenyewe

Mimi kompyuta nazijua kama ninavyoijua mbingu, kwa kutazama tu. Lakini haya niliyoyaona kwenye masijala ya hospitali sikusimuliwa na mtu.

Jua lilikuwa linazama nilipompelekea mjukuu wangu koti. Yeye ni fundi wa kompyuta, na jioni ile alibaki peke yake na mashine nane, akizisimika upya, yaani kuzitilia programu mpya. Ni masijala ile ile alimofanya kazi marehemu mama yake, binti yangu wa pekee.

"Bibi! Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kuiona hiyo kazi isiyotoa jasho."

Akacheka, akanieleza. Mashine zinajisimika zenyewe mwanzo hadi mwisho, hazimsumbui mtu. Ila katikati yeye ameziwekea maswali mawili. Jina la mashine? Nani msimamizi? Hapo husimama, zikasubiri jibu, ndipo ziendelee. Na kibodi ilikuwa moja tu! Anaichomoa huku, anaichomeka kule, kama mama mwenye kijiko kimoja na watoto wanane.

Ya kwanza hadi ya sita, salama.

Ya saba ikauliza jina. Kibodi bado ilikuwa kwenye ya sita.

Tk... tk... tk...

Kioo cha saba kikajiandika.

"Bibi," akanong'ona, "umegusa kitu?"

"Niguse nini, na mikono yote imeshika koti lako?"

Mimi husoma kwa kudonoa herufi moja moja, kama kuku. Lakini neno lile nililisoma.

KIPOPO.

Mama yake peke yake ndiye aliyemwita hivyo, kwa vile uchangani hakuwa analala usiku. Tulipomzika, na jina tulilizika.

Nani msimamizi?

Tk... tk...

MAMA.

Harufu ikaingia chumbani. Sabuni ya kufulia na karatasi kuukuu... Ndivyo alivyokuwa akinukia binti yangu akirudi kazini.

Kisha likaja swali la tatu.

"Hili sikuliweka mimi," mjukuu wangu akasema.

NIRUDI? NDIYO / HAPANA.

Pembeni namba zikaanza kushuka. Sitini. Hamsini na tisa...

Akaichomoa kibodi kule kwenye ya sita, machozi yakimtiririka. Sikuhitaji kuambiwa angejibu nini. Na mimi je? Nani hamtaki mwanawe? Lakini mama yangu alinifunza: usiyemwona akikuita magharibi, usimwitikie.

"Mwili wake tuliufukia," nikamnong'oneza. "Akirudi, ataazima wa nani?"

Nikampokonya kibodi, nikaikumbatia kifuani.

"Kimya! Asiyejibiwa huchoka, akaenda zake."

Hakuning'ang'ania. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kioo, mikono mapajani. Ishirini... kumi na tisa...

"Mbona umetulia hivyo?"

"Bibi," akasema taratibu, "maswali yangu niliyapa dakika moja moja, nisikeshe nayo. Dakika ikiisha hakuna jibu, mashine inachukua jibu la kwanza, na hapo la kwanza ni ndiyo."

Mama yangu hakunifunza hilo!

Nikaikimbilia ile waya ya umeme ukutani. Jamani, magoti ya uzee!

Tatu. Mbili...

Nikaing'oa.

Waya mkononi mwangu, na kioo bado kinawaka. NDIYO, kikaandika. Ndipo kikazima. Mjukuu wangu akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

Au aliyetwishwa.

Kesho yake mkubwa wa masijala alisema mashine ile ndiyo aliyokuwa akiitumia marehemu. Pengine maandishi yake ya zamani yalibaki humo, mashine ikayaokota. Pengine. Mimi sikusoma, sibishani na waliosoma.

Ila mjukuu wangu, tangu aanze kutamka, ameniita Bibi. Hajawahi kuniita vingine, hata kwa utani. Juzi jioni nilikuwa kibarazani, nikamwita aje tupumzike. Alikuwa ndani anakunja nguo.

"Abee, mama."

Sauti nikaijua. Niliizaa mimi.

Akatoka, akasimama mlangoni, ananitazama. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasogea mkekani nikampisha akae.