Nililinyoosha Gari, Likambeba Mwingine

Nina miaka thelathini na mmoja, naishi Kitale, na kazi yangu ni kutengeneza magari. Wasomaji wenzangu, mkiniona nikitaniana na wateja mtadhani sina neno moyoni. Ninalo… tena linaniunguza!

Wekesa alikuja gereji akivuta gari la zamani alilolinunua kwa mkulima karibu na Moi's Bridge. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mafundi wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nililipenda gari lile, na polepole nikampenda mwenyewe pia.

Tulilifufua pamoja. Jumapili baada ya kanisa yeye alipiga bodi msasa, mimi nikiwa kwenye injini. Akaniambia, "Nafula, siku hili gari litatembea, litatupeleka kwenu kwa wazazi."

Ningekosaje kuamini?

Gari likatembea. Halafu Wekesa akapata kazi Bungoma, akaondoka nalo. Hapo ndipo wivu ulianza kunila… Simu zikawa fupi. Alipokuja kunisalimia, nilikuta kiti cha abiria kimesogezwa mbele kabisa. Mimi ni mrefu. Ni nani huyo mfupi aliyekuwa akiketi pale? Wekesa alicheka, akasema ni binamu yake.

Kisha mama mmoja muuza mitumba akaniambia amemwona Wekesa mjini Webuye ndani ya gari, na mwanamke amemlalia begani. Binamu gani huyo? Chakula kilinishinda. Kila gari kuukuu likipita, niligeuka kuchungulia ni nani ameketi ndani. Lakini kumuuliza Wekesa tena niliogopa.

Siku moja akanipigia mwenyewe. "Nafula, nilibadilisha springi za nyuma, sasa gari likishika mwendo linatetemeka vibaya. Kuja tafadhali. Jumamosi tuko na safari ya kwenda kwa wazee."

Tuko na safari! Mjinga mimi, nikajihesabu ndani. Nilipiga pasi gauni langu la kitenge, nikalikunja vizuri mkobani juu ya spana, na asubuhi ya Jumamosi nikaelekea Bungoma.

Nilimkuta uani kwake. Hakunikumbatia. Alinionyesha gari tu, akasema tuna haraka. Nikajiambia ni wasiwasi wa siku kubwa.

Nililipandisha juu ya vibao imara, nikaingia chini. Kosa nililiona mapema. Ekseli ya nyuma ilikuwa imekaa upande, gurudumu moja limemtangulia mwenzake. Tena pua ya difu, ile gia ya katikati ya ekseli, ilikuwa imetazama juu mno, kwa hiyo propela, chuma kirefu kinachozungushwa na injini, ilizunguka ikiwa imepinda. Gari lingeachaje kutetemeka? Nikapima kila upande, kutoka bolti ya mbele ya springi hadi kwenye ekseli, nikairudisha ikae sawa. Nikaingiza kabari za chuma kati ya springi na ekseli ili pua ishuke. Nikashusha uzito wa gari ukalie ekseli, nikapima pembe tena. Safi kabisa! Ilibaki kukaza bolti tu.

Mara nikaona viatu vyeupe vya mwanamke vimesimama kando ya gurudumu.

"Wekesa, huyo fundi atamaliza saa ngapi? Baba amepiga simu tena. Wazee wa kwetu wameketi wanatungoja."

"Ako karibu."

"Ati ni mwanamke? Mnajuana?"

"Wacha hizo, Lilian. Si ni fundi tu wa Kitale, bana."

Fundi tu!

Nilikuwa nimelala chali, spana mkononi, bolti zote zimelegea. Shetani alinong'ona: ziache hivyo hivyo, waende! Wasomaji, nitawadanganya ya nini? Nilizitazama bolti zile kwa muda… Kisha nikazikaza moja moja hadi mwisho, machozi yakinitiririkia masikioni. Msidhani ilikuwa huruma. Sikutaka yule mwanamke aje kusema kazi yangu ilikuwa mbovu!

Nilipotoka nikamwona. Mfupi, mrembo, gauni lake kitambaa kimoja na shati la Wekesa. Nikamwambia, "Dada, gari liko sawa. Lakini ujue tulilifufua mimi na yeye, na aliniahidi litanipeleka mimi kwetu."

Akamgeukia. "Wekesa, ni ukweli?"

"Tutaongea njiani," Wekesa akajibu huku ametazama chini.

Nilimngoja Lilian amtupie matusi. Nilimngoja alie, akimbie… Yeye akafungua mlango taratibu, akaingia. "Wazee wameketi," akasema bila kunitazama.

Wakaondoka. Nilisimama barabarani nikiliangalia likishika mwendo. Halikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililonimaliza!

Walioana. Mimi nilirudi Kitale na gauni langu halijakunjuliwa. Mpaka leo, nikisikia mtu akisifu gari lile jinsi linavyoteleza, nainama nijifanye natafuta spana. Namwonea wivu Lilian. Wakati mwingine, Mungu anisamehe, naliombea liharibike!

Dada zangu, na kaka pia, ahadi ya watu wawili bila shahidi haina ndugu wa kuitetea. Kabla hujamjengea mtu maisha yake, akupeleke kwao wakujue jina. Na wivu ukianza kukuchoma, usiufiche kama nilivyouficha mimi. Uliza! Uliza mapema! Heri jibu likuumize ukiwa umesimama wima kuliko likukute umelala chini ya gari la mtu, ukimkazia bolti…

Nawasihi sana, ulizeni.