Zamu ya Kuangalia Maji

Jumapili ile Mama Chiriku aliamka akakuta mashati kumi na manne ya shule yakimngoja mezani, yote hayana mikono. Cherehani ilikuwa imemsumbua wiki nzima. Mwenye kazi alitaka mashati yake Jumatatu asubuhi, na hakuwa mtu wa kusikiliza habari za cherehani.

Ndani ya nyumba kelele zilikuwa za mtu mmoja tu, lakini zilitosha watu sita. Binti yake wa miaka tisa alikuwa akizunguka na taulo shingoni. Walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

"Mama, leo tunaenda pool! Tuko watoto saba, na mimi ndiye mkubwa wao. Nitawaonyesha nikikaa chini ya maji mpaka wahesabu hamsini. Mama, eti samaki wanalala macho wazi?"

"Kamuulize baba yako. Mimi nimemezwa na mikono ya mashati."

"Baba kasema nikuulize wewe!"

Baba Chiriku alikuwa fundi rangi. Alikuwa amemaliza kupaka kuta za nyumba ya wageni ya mtaa wa pili. Mwenye nyumba aliipenda kazi yake, akamruhusu alete watoto wake na wa jirani waogelee siku moja.

"Utawaangalia vizuri?" Mama Chiriku aliuliza, sindano mdomoni.

"Mke wangu, mimi nasimamia vibarua kumi juu ya ngazi. Watoto saba ndio wanishinde?"

"Vibarua hawazami."

Baba Chiriku alicheka. Akachukua mfuko wa maandazi, akatoka na msururu wa watoto nyuma yake. Sauti ya Chiriku ilisikika mpaka walipokata kona.

Saa tano Mama Chiriku alimwandikia mumewe ujumbe. "Uko wapi?"

Jibu lilikuja haraka. "Niko pool."

Moyo wake ukatulia. Akarudi kwenye shati la tisa.

Alikuwa kwenye shati la kumi na moja simu ilipolia. Alikuwa mumewe. Alikuwa anahema tu.

"Baba Chiriku? Kuna nini? Sema basi!"

"Njoo hospitali," alisema. "Njoo, mke wangu. Njoo."

Mama Chiriku alitoka mbio na futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

Kwenye benchi la hospitali alimkuta mumewe, na kando yake msichana mmoja ambaye nguo zake zilikuwa zikitiririka maji. Huyo alikuwa Dada wa Bwawa, mtunzaji wa bwawa la ile nyumba ya wageni. Yeye ndiye aliyemtoa Chiriku majini, akampulizia pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua mpaka gari lilipofika.

"Yuko hai?" Mama Chiriku aliuliza.

"Anapumua kwa mashine," alijibu Dada wa Bwawa.

"Ilikuwaje?"

Baba Chiriku hakuinua kichwa. Dada wa Bwawa ndiye aliyeeleza. Watoto walikuwa wakishindana kubana pumzi. Ilipofika zamu ya Chiriku, alizama hadi chini akashika ngazi ya chuma. Wenzake wakahesabu kwa sauti. Hamsini ilipita. Ilipofika sitini, wakapiga makofi.

"Walipiga makofi?"

"Walidhani ameshinda, mama. Niliposikia makofi nikaja, nikaona haibuki."

Mama Chiriku alimgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilikaa kwenye kiti, hatua tano tu kutoka kwenye maji."

"Nilikuuliza! Ukaniandikia uko pool!"

"Nilikuwa pool," alisema Baba Chiriku. "Ile ya simu."

Mama Chiriku alielewa mara moja. Nyumbani kwao neno hilo lilikuwa na maana mbili. Pool ni bwawa la kuogelea. Pool pia ni ule mchezo wa fimbo na mipira ya rangi juu ya meza ya kijani. Baba Chiriku aliucheza kwenye simu, akishindana kupitia mtandao na watu wa mbali asiowajua. Akiitwa kula hujibu, "Ngojeni, niko pool," na Chiriku humjibu, "Basi usilowe!" Nyumba nzima hucheka. Utani huo ulikuwa wao, na hakuna aliyewahi kuuona kuwa ni kitu cha hatari.

"Ulikuwa umebaki mpira mmoja mweusi," Baba Chiriku alisema. "Mmoja tu. Nikasema nikiuingiza, nainua macho."

Kwa siku tano Mama Chiriku hakumjibu kitu chochote.

Siku hizo tano Chiriku hakufungua macho. Mama yake alikaa kando ya kitanda akimsugua vidole. Alimwita kwa jina la nyumbani, kisha kwa jina la shuleni, kisha akakosa la kumwita. Mashati yalibaki mezani, na mwenye kazi alikuja kuyachukua, manne yakiwa bado hayana mikono. Baba Chiriku alikuwa akikaa sakafuni kwenye korido, karibu na mlango. Wauguzi walimzoea, wakawa wanamruka miguu.

Siku ya sita Chiriku alifumbua macho. Mama yake alipiga kelele za furaha, lakini daktari hakufurahi kama yeye.

"Ubongo wake ulikosa hewa kwa muda," daktari alisema. "Mazoezi yatasaidia. Mengine yatarudi. Mengine sitaki kukudanganya, mama."

Mguu wa kulia ulikuwa unaburuta. Mkono ulitetemeka. Maneno yalitoka moja moja, na katikati kulikuwa na nafasi ndefu ambayo mama yake aliiogopa kuliko kilio.

Wiki iliyofuata Dada wa Bwawa alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alimkuta Baba Chiriku koridoni, akamshika mkono, akamwingiza ndani.

"Keti hapa na mkeo," alisema. "Nina maneno, na mimi mwenyewe ni mmoja wa wenye makosa."

"Wewe ulimwokoa," alisema Mama Chiriku.

"Nilimwokoa nikiwa nimechelewa. Nilimwona baba wa watoto amekaa pale, nikasema moyoni, yupo mtu mzima, ngoja nikakoroge dawa ya maji. Wewe mama ulisoma ujumbe ukasema, yuko baba yao. Baba akasema, nawasikia wanahesabu, wako salama. Watu wazima watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiangalia maji."

Mama Chiriku alifunika uso kwa khanga. "Mbona hakupiga kelele? Mwanangu huyu, wa kelele zote zile?"

"Anayezama hapigi kelele, mama. Mdomo uko majini, atapiga vipi? Hapungi mkono wala harushi maji. Ananyamaza tu. Na mtoto anayebana pumzi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu anazimia humo humo chini bila kujijua. Anaweza kuwa hodari wa kuogelea na bado akazimia. Mchezo ule haufai kwa mtoto, wala kwa mtu mzima."

"Basi wasiogelee tena," Baba Chiriku alisema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo. "Lifukieni bwawa lile."

"Tukilifukia, wataenda kwenye mashimo ya machimbo, ambako hakuna mtu kabisa. Waacheni waogelee, ila awepo wa kuangalia. Mtu mmoja, kwa zamu, dakika kumi na tano. Hana simu, hana gazeti, hapigi soga. Akichoka, anamtaja mwenzake: 'Zamu ni yako.' Na mwenzake hujibu, 'Zamu ni yangu.' Asipojibu, wa kwanza haondoki."

"Na michezo gani?" Mama Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo. "Watoto hawawezi kukaa majini kama mawe."

"Ipo mingi. Wasimame duara, maji kiunoni, wapasiane mpira. Au makundi mawili yashindane kuvusha ndoo ya plastiki bila kumwaga. Kila mtoto apewe mwenzake wa kuangaliana naye, huyo ndiye pacha wake. Nikipuliza filimbi, kila mtu anamshika pacha wake mkono, na sisi tunahesabu vichwa. Michezo yote, vichwa juu ya maji. Na asiyejua kuogelea akiona mtu anazama, asijitupe. Apige kelele, anyooshe mti mrefu au arushe kitu kinachoelea."

Baba Chiriku alitoa simu mfukoni. Akaufuta ule mchezo mbele yao. Ilimchukua muda mfupi sana, na mkewe aligeuza uso ukutani.

Miezi minne ilipita. Wazazi wa mtaa walikubaliana na mwenye nyumba ya wageni, watoto wakawa wanakwenda kila Jumapili kwa utaratibu ule. Dada wa Bwawa aliwafundisha wazazi kumi jinsi ya kumpulizia pumzi aliyezama. Baba Chiriku hakukosa hata Jumapili moja. Alisimama ukingoni kama mlingoti, macho majini.

Mama Chiriku alikwenda mara ya kwanza Jumapili ya mwisho ya mwezi huo wa nne, kwa sababu binti yake alimwomba. Walikaa kivulini. Chiriku aliegemea kifua cha mama yake, mguu wake mbovu juu ya mto.

Watoto walikuwa wakivusha ndoo wakicheka. Kitoto kimoja cha miaka mitano kiliteleza kikaenda chini. Hakikutoa sauti. Wenzake walikuwa wamekipa mgongo. Mama wa kitoto hicho alikuwa akimenya chungwa na hakuona kitu.

Baba Chiriku alipiga hatua mbili, akaingia majini na viatu vyake, akakiinua kwapani. Kitoto kilikohoa mara tatu, kikalia, kikaomba chungwa. Basi. Mchezo uliendelea.

Mama Chiriku alikuwa ameona yote. Ni hayo tu yaliyohitajika. Hatua mbili na macho.

Chiriku aliinua mkono wake unaotetemeka, akaonyesha kwa kidole.

"Baba," alisema. Wakangoja, yeye na mama yake, mpaka neno la pili lilipofika. "Amemwona."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Mama Chiriku, akambana kifuani. "Amemwona."

Baba Chiriku aliwasikia. Mabega yake yalitikisika, lakini hakugeuka nyuma. Zamu yake ilikuwa bado na dakika sita.