Nani Kamfumba Macho Dayib?

Maiti ya Dayib Abdow ililala sakafuni mwa ofisi yake ya utalii kwa adabu kupita kiasi, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Mwanasiti Idarous.

Kisogo kilikuwa kimepasuka. Damu ilikuwa kwenye kona ya meza ya chuma, mbali kidogo na pale alipolala. Lakini mwenyewe alinyooshwa vizuri, akalazwa ubavu wa kulia, macho yakafumbwa, taya likafungwa kwa utepe wa kufungia vipeperushi. Ukutani zilining'inia picha kubwa za Neive, Barbaresco na La Morra, miji midogo ya kale kwenye vilima vya mvinyo vya Italia. Nje ya dirisha mvua ya Acocks Green, Uingereza, ilikuwa haina mpango wa kukatika.

Marehemu hakuwahi kuonja mvinyo maishani mwake. Kuuza safari za huko kwa wastaafu wa Birmingham, hapo ndipo alipokuwa bingwa, tena kwa mbwembwe.

"Wizi huu," alisema Sajini Balbir. "Kasha la pesa liko wazi."

"Na pesa?"

"Zimo zote."

"Mwizi gani huyo, Balbir? Aache pesa, akae kumfunga maiti taya?"

Balbir alijikuna ndevu. "Kwani taya linafungwa la nini?"

"Mdomo usibaki wazi. Na huku alikogeuziwa ni kibla. Aliyemuua ni Mwislamu, tena anayemwogopa Mungu. Makubwa haya!"

Zaidi ya marehemu, wenye ufunguo wa ofisi walikuwa wawili, wote Waislamu. Muzamil, dereva Mtanzania anayepeleka wateja uwanja wa ndege, ndiye aliyeikuta maiti asubuhi. Hamdi, binti wa Kisomali aliyekulia Nairobi, ndiye aliyepanga safari zote kwa simu. Kwa kuwa juzi Muzamil aligombana na bosi mbele ya wateja, Balbir alimtia mahabusu bila kupoteza muda.

Mchana Daktari Rajni alipiga simu kutoka chumba cha uchunguzi wa maiti.

"Nimepata nyuzi za pamba, za buluu. Ziko kwenye kope, mashavuni na viganjani. Alama ya kidole usoni hakuna hata moja."

"Glavu?"

"Hapana. Ni kitambaa. Mtu alikizungushia mkono ndipo akamgusa."

Mwanasiti alishuka mahabusu. Muzamil alikuwa ameketi amejikunyata, macho mekundu.

"Kaka Muzamil, ukimkuta mwanamume mwenzako kafa, unamfumba macho na nini?"

"Na mkono, Bi Mkubwa. Na nini tena?"

"Huzungushii kitambaa?"

"Kwani mimi mwanamke? Mwanamke asiye ndugu yake ndiye atakayeona haya kumgu..." Alinyamaza ghafla, akashika kichwa. "Jamani! Hamdi?"

Hamdi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na wakili wake. Alijifunika mtandio wa buluu. Mahojiano yalianza kwa Kiingereza, lakini haikuchukua muda yakahamia Kiswahili, wakili akabaki anamtegemea mkalimani.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Tyseley."

"Nani alikuona?"

"Mungu."

"Mtandio huo ndio uliovaa jana?"

Mkono wa Hamdi ulienda kwenye mtandio wenyewe, ukaushika.

"Hamdi, wauaji wengine wangetoka mbio. Wewe ulibaki ukamlaza. Na hata alipokuwa maiti uliona haya kumgusa kwa mkono mtupu, maana si maharimu wako. Mtandio umeacha nyuzi usoni pake."

Hamdi aliuvuta mtandio ukamfunika kidevu.

"Muzamil yuko ndani kwa ajili ya kitendo hiki. Ana watoto wadogo."

"Muzamil hajafanya kitu!"

"Basi sema wewe."

Alilia kwanza, na Mwanasiti akamwacha alie.

"Mama yangu yuko Neive, dada. Alienda huko kumtunza mwanamke mmoja mzee, Mtaliano. Saa hii figo za mama zimekufa, madaktari wamekata tamaa. Nimepeleka watu wangapi Neive! Najua kila kichochoro, najua kila hoteli. Mguu wangu haujawahi kufika."

"Kwa nini?"

"Paspoti yangu iliwekwa na Dayib siku ile nilifika nchi hii. Visa yangu ni yeye amedhamini. Nikiomba, ananiambia ngoja kundi la Pasaka liende. Likienda, ngoja la msimu wa zabibu. Jana nikamwambia mama anakata roho, nipe leo. Akacheka! Akasema, 'Ukienda hurudi, nakujua.' Nikamsukuma. Wallahi nilimsukuma tu."

"Ungekuja kwetu."

"Nije niseme nini? Mngefunga kampuni, na mimi nirudishwe. Kila upande ukuta, dada."

Mwanasiti alimwonea huruma, na akamchukia yule maiti waziwazi moyoni. Lakini swali moja lilikuwa limebaki.

"Ulichukua ufunguo mfukoni mwake, ukafungua kasha, ukapata pasipoti. Kwa nini hukuondoka?"

"Iko kwa mkoba mlionichukulia. Fungua uone."

Balbir alileta mfuko wa ushahidi. Mwanasiti alivaa glavu, akaifungua pasipoti na kusoma tarehe. Akairudia.

"Muda wake uliisha mwaka juzi."

"Aliniapia bado iko sawa," alisema Hamdi. "Ningetoka na nini?"

Mwanasiti alimsomea shtaka la kuua, neno kwa neno. Kisha akauliza, "Mama yako anajua?"

Hamdi alitikisa kichwa. "Nilimpigia jana, paspoti ikiwa mkononi, kabla sijaifungua. Nilimwambia niko njiani."