Waya wa Geji ya Joto

Hadi leo sijajua ni nani aliyeufunga uzi ule, maana gari lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Mkunga wa mtaani kwetu alileta gari lake gereji, linachemsha. Mjomba wangu ndiye fundi mwenye gereji, nami namsaidia tangu nioe. Alipaswa kutafuta chanzo: rejeta imeziba, feni haizunguki, au pampu ya maji imechoka. Lakini magari yalikuwa mengi. Akajaza maji, akapenyeza mkono chini ya dashibodi, akakata waya wa geji ya joto. Mshale ukalala chini.

"Limepona, dada. Endesha mpaka uchoke wewe."

Niliona yote. Nikacheka.

Siku ya tatu injini ilikwama njiani, mkunga akimkimbilia mama mwenye uchungu. Alimalizia safari kwa miguu. Alikuta mama na mtoto wameshakata roho.

Gari lilipovutwa hadi kwetu, alisimama kando yake. "Ni mimi, fundi. Geji sikuitazama vizuri. Kazi hii naiacha."

Mjomba alitazama viatu vyake. Mimi nikatafuta spana nisiyoihitaji.

Mchana tulitoa betri, nikafunga milango, tukakaa kunywa chai. Ndipo tukasikia maji yakichemka ndani ya gari lile.

Injini ilikuwa baridi. Rejeta haikuwa na tone.

Kisha pumzi. Fupi. Fupi. Za mtu anayesukuma.

"Unasikia?" mjomba alininong'oneza.

Nilisogea hadi kwenye gari. Kupitia dirisha niliona mshale wa geji. Ulikuwa unapanda.

Nilifungua mlango. Mjomba akapenyeza mkono, akautoa upesi kama aliyeumwa. Nikainama kuchungulia. Waya ulikuwa umeungwa. Umefungwa kwa uzi mweupe, mafundo mawili, kama kinavyofungwa kitovu.

Uzi ulikuwa umelowa. Ulikuwa vuguvugu.

Jioni mke wa mjomba alitusikiliza hadi mwisho. Hakutukana.

"Habari za uzi sizijui," alisema. "Ninachojua, mwenzenu amebeba maiti zenu. Ataambiwa leo."

Tulikwenda wote watatu. Mkunga alipofungua mlango, mjomba alirudi hatua moja. Aliyesema ni mkewe, tangu mwanzo hadi mwisho, nasi watu wazima wawili tumesimama nyuma ya mgongo wake.