Video ya Malisho ya Juu

Jua likielekea kuzama, mwanamke aliyevaa pete ya dhahabu puani na sketi ya harusi alikuwa anaokota mavi ya ng'ombe. Ndiye nyota wa video. Jina lake Deveshwari.

"Mabichi, dada!" Hukam alimpigia kelele kutoka mteremkoni. "Makavu hayatoi moshi!"

"Njoo uokote wewe, bwana mkubwa wa sinema!"

Hukam, binamu yake, alikuwa dereva wa jipu aliyejifundisha kupiga video za harusi kwa simu. Mashine ya moshi hawakuwa nayo, basi mavi na majani ya msonobari yatatosha. Taa hawana, basi karatasi inayong'aa ya kufungia chapati imebandikwa kwenye ubao irudishe jua usoni. Simu imefungwa ndani ya beseni la plastiki, beseni linavutwa kwa kamba juu ya nyasi, ili picha iteleze kama ya mjini. Na mlima wenye theluji nyuma yao? Huo ni bure.

Mwaka uliopita studio moja ya mjini ilichukua sauti ya Deveshwari, ikamweka msichana mwingine mbele ya kamera atingishe midomo. "Uso wako wa kishamba, mama," walimwambia, hivihivi, machoni. Deveshwari alilia, halafu akaapa. Safari hii sauti yake itatoka kinywani mwake mwenyewe, na ulimwengu uone.

Mama mkwe alimkataza. Malisho ya juu muziki haupigwi, nguo nyekundu haivaliwi, kwa sababu ya Achari, mizimu ya mabinti waliokufa kabla ya kuolewa. Wanapenda ngoma, wanapenda wekundu, na wanachokipenda hukichukua. Wachungaji wenyewe wakifika kule huzima redio.

"Waje tu," Deveshwari alijibu. "Wachezaji hawatutoshi."

Mdomo huo!

Akapanda na majirani wanne, pamoja na Bimla, wifi yake mdogo, aliyetoroka nyumbani na sketi nyekundu kuliko zote.

Hukam alikuwa na ujanja wake. Wimbo aliupiga kwenye spika kwa kasi maradufu, wanawake wakacheza mbiombio, ili baadaye akipunguza picha waonekane wanaelea. Walishikana viuno, wakaruka huku na huku, wakicheka hadi mbavu zikauma. Sauti ya Deveshwari ilitoka kwenye spika ikiwa nyembamba, kama ya mtoto. Moshi ulitanda. Jua likawa jekundu.

Spika ikakata. Betri imekwisha.

Wanawake wakasimama, wakihema.

Wimbo ukaendelea...

Ulitoka juu, kwenye ukingo wa malisho. Sauti ileile. Kasi ileile.

"Mwangwi," Hukam alinong'ona.

Deveshwari alisikiliza. "Huo ni ubeti wa tatu."

"Kwani?"

"Hatukuurekodi, Hukam. Huo huwa nauimba nikiwa peke yangu, nikikata majani."

Harufu ikawajia, si ya moshi. Manjano na mafuta ya haradali, kama bibi harusi aliyetoka kusingwa. Majirani waliangaliana, kisha wakashika mteremko bila kuaga.

Bimla hakusimama.

Alikuwa bado anacheza, miguu ikipiga nyasi mbiombio, macho wazi, haoni mtu. Mkono wake wa kushoto ulikumbatia kiuno cha hewa tupu. Na kiunoni mwake, sketi nyekundu ilikuwa imekunjamana, kama imeshikwa.

Alikuwa anapanda. Anapanda kwenye ukingo, na ng'ambo ya ukingo kuna korongo.

"Mwache, dada," Hukam alisema, akirudi nyuma. "Wameshamchagua. Tukimvuta watatuchukua sote..."

"Nimwache? Mtoto wa watu niliyemleta mimi?"

Deveshwari alikimbia. Alimkamata Bimla kiunoni, akavuta. Upande wa pili nao ukavuta. Juu ya mkono wake alihisi vidole, vyembamba, baridi, vikimbandua vyake kimojakimoja.

Aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa kweli. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Sauti ni yangu!" alifoka. "Ile studio iliniibia nikanyamaza. Nyie siwanyamazii!"

Akaimba. Pumzi hana, lakini aliuimba wimbo wake kwa mwendo wake wa kweli, taratibu, neno kwa neno, sikioni mwa Bimla. Sauti mbili zikavutana. Miguu ya msichana ikababaika, haraka, taratibu, haraka... taratibu.

Taratibu.

Bimla akamwangukia kifuani, mzito, akilia.

Kule juu wimbo ulikatika. Kisha mtu akapiga makofi, moja moja, kwa mwendo wa Deveshwari.

Hakugeuka. Alishuka akiimba, Bimla mgongoni, hadi kwenye nyumba ya kwanza.

Wazee wakaamuru video ifutwe. Hukam naye alitaka kufuta. Deveshwari akampokonya simu.

"Uso umetoka, sauti imetoka. Atakayeudhika aje mwenyewe kunidai."

Ikawekwa mtandaoni na jina lake kubwa juu. Watu waliuliza ni kampuni gani iliyopiga kazi safi namna ile. Wengi walisifu mkono wa Bimla unaokumbatia hewa, maana simu haikuzimwa, wakadhani ni ubunifu. Deveshwari hakuwasahihisha. Mama mkwe alimgombeza wiki nzima, kisha akaombwa na jirani amwonyeshe, akaonyesha kwa majivuno.

Asubuhi moja Bimla alikuwa jikoni anakanda unga, anaimba chini chini. Wimbo mpya, mtamu mno, wala haukuwa wa mtu yeyote wa bonde lile.

"Nani kakufundisha?" Deveshwari aliuliza.

"Wao." Bimla hakuinua kichwa. "Wamesema unaimba vizuri. Wamekutungia huu. Uwapelekee kule juu."

"Waambie nyimbo zangu natunga mwenyewe."

"Sawa, dada." Bimla akaendelea kukanda. Akafika mwisho wa mstari, akanyamaza, akamwangalia, akisubiri.

Deveshwari alikaza midomo kwa nguvu zake zote. Mstari unaofuata alikuwa anaujua.